Gadi ya Taifa Marekani kwa mwenye grini kadi: "wikendi moja kwa mwezi" ni kweli?

Mpagazi_Columbus

Wakuu, habari zenu. Nipo Columbus, Ohio, huu mwaka wa tatu na grini kadi. Umri 25, natimiza 26 mwezi wa 12. Kazi yangu ni ghalani, zamu ya usiku. Nina mke na mtoto mmoja, wote tuko hapa. Elimu ni kidato cha nne na stashahada ya ugavi, vyote vya nyumbani Tanzania.

Rikruta (mwandikishaji) wa Gadi ya Taifa, yaani National Guard, amenipigia mara mbili. Anasema ni wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, chuo bure, bima ya afya nafuu, na uraia unatoka upesi. Kila nikiuliza swali la pili ananirudisha kwenye la kwanza. Mwenye kujua kanuni anisaidie: muda unaoliwa hasa ni kiasi gani? Vyeti vya Tanzania vinakubalika? Mwajiri akigoma inakuwaje? Na hela yenyewe ni ngapi? Zile za "usiende utakufa" nimeshazisikia kwa mama, hizo niachieni.

Kombania_B

Mkuu, rikruta hajakudanganya, ila amekupa robo ya maelezo.

Sheria inataka vipindi 48 vya mafunzo kwa mwaka, pamoja na siku zisizopungua 15 kwa Gadi ya Taifa. Kwa Jeshi la Akiba, ambalo ni chombo kingine, ni vipindi 48 na siku 14. Kipindi kimoja ni angalau saa nne. Jumamosi unafanya viwili, Jumapili viwili, jumla vinne, na kwenye ratiba utaona imeandikwa MUTA-4. Ukiona MUTA-5, unaripoti Ijumaa jioni. MUTA-6 inameza Ijumaa nzima. Vipindi vya mwaka ni vilevile 48, kwa hiyo mwezi mmoja ukizidishiwa mwingine hupunguzwa, lakini mwenye zamu za kazi hapo ndipo anapobanwa. Omba ratiba ya mwaka mzima ya kombania unayopelekwa, siyo ya jimbo kwa jumla. Ipo, huwa inaandikwa mapema, na kombania ya madereva haifanani na ya mizinga. Zile wiki mbili nazo zinaweza kuwa tatu au zaidi mwaka ambao brigedi inakwenda kwenye mazoezi makubwa Fort Polk au Fort Irwin.

Tofauti ya vyombo viwili: Gadi ina mabwana wawili, gavana na rais. Mafuriko, kimbunga, theluji, fujo mjini, gavana anaita. Vita, rais anaita. Jeshi la Akiba liko chini ya serikali kuu tu, na vikosi vyake karibu vyote ni vya huduma: hospitali, usafirishaji, maji, mafuta, ujenzi. Askari wa miguu, vifaru na mizinga wengi wako Gadi. Usisaini kwa sababu jengo la Gadi liko karibu na kwako. Uliza kwanza kikosi kilicho karibu kinafanya kazi gani.

Sasa mkataba. Hata ukiambiwa miaka sita au mitatu, deni lote ni miaka minane. Ukiandikiwa 6x2, sita unahudhuria mafunzo kila mwezi, miwili unakaa kwenye orodha: huhudhurii, hulipwi, ila unaweza kuitwa. Wakati wa vita ya Iraki, kuanzia 2004, maelfu ya watu waliokuwa kwenye orodha hiyo waliitwa wakiwa wameshasahau buti ziko wapi.

Na kuitwa kwenyewe: kukiwa na hali ya hatari iliyotangazwa kitaifa, sheria inaruhusu kukushikilia hadi miezi 24 mfululizo. Tangu 2007 utaratibu wa wizara ni kuita kwa takriban miezi 12 kwa mkupuo. Vikosi vya Gadi vimekwenda Kuwait, Kosovo, hata Djibouti. Kama kipato cha nyumba kinasimama kwa zamu yako peke yako, hesabu hiyo muifanye wewe na mkeo kabla ya kalamu.

BiHesabu

Nijibu ya vyeti na mtihani, maana hapo ndipo watu wetu wengi wanapokwama, tena kwa vitu vidogo.

Cheti cha kidato cha nne cha nje hakipokelewi kikiwa kitupu. Kinapelekwa kwa taasisi ya kutathmini elimu ya nje inayotambulika, nayo inatoa barua inayosema kinalingana na nini hapa. Stashahada ifanyie tathmini hiyohiyo, na uombe tathmini ya kozi moja moja, siyo ile ya jumla. Masomo ya chuo yakihesabiwa kuwa saa za muhula unaweza kuanza na cheo cha juu kidogo, na mwenye shahada kamili huanza na cheo cha E-4. Cheo cha kuanzia ni hela ya kila mwezi, kwa hiyo barua iwepo KABLA ya kusaini. Ikija wiki moja baadaye, kuirekebisha ni vita ya karatasi.

Mtihani unaitwa ASVAB. Alama inayoamua kama unaingia ni AFQT, na kiwango cha chini cha kawaida ni 31. Hiyo 31 si asilimia ya maswali uliyopata, ni nafasi yako ukilinganishwa na kundi la vijana wa Marekani waliopimwa zamani. Inatoka kwenye sehemu nne tu: hesabu za mafumbo, kanuni za hesabu, maana za maneno, na ufahamu wa aya. Sehemu mbili za lugha huunganishwa kuwa alama moja, kisha alama hiyo inahesabiwa MARA MBILI. Ndiyo maana kijana anayejua hesabu vizuri, msamiati wa Kiingereza ukiwa mwembamba, anaishia 28. Ukiwa na saa kumi za kusoma kwa wiki, sita zipeleke kwenye msamiati na aya. Kikokotoo hakiruhusiwi, kwa hiyo gawanya na zidisha kwa mkono hadi mkono uzoee, hasa sehemu na asilimia.

Ukifanyia kwenye kompyuta, swali linalofuata linategemea ulivyojibu lililopita, na huwezi kurudi nyuma. Usiache maswali muda ukiisha, yaliyobaki bila jibu yanashusha alama. Ukifeli unangoja mwezi mmoja, ukifeli tena mwezi mwingine, na baada ya hapo ni miezi sita kwa kila jaribio. Ukivuka 50 milango ya kazi na bonasi inafunguka zaidi, kwa hiyo usikimbilie 31 kwa sababu rikruta ana haraka ya kufunga mwezi.

Afya inapimwa MEPS, kituo cha kupokelea kuruta: macho, masikio, viungo, damu, mkojo, dawa za kulevya. Mambo mawili ya kwetu. Chanjo ya BCG inaweza kufanya kipimo cha kifua kikuu cha ngozi kionekane chanya hata kama huumwi. Mwambie daktari ulichanjwa na uulizie kipimo cha damu, ambacho BCG haikivurugi. Jingine ni selimundu na upungufu wa G6PD, kimeng'enya cha chembe za damu. Kubeba kirithi kimoja cha selimundu si sawa na kuugua, lakini jeshi lazima lijue, kwa sababu kukimbia kwenye joto kali kuna hatari yake kwa mbebaji. G6PD inahusu dawa za malaria kama primakwini, ambazo zinaweza kuvunjavunja damu ya mwenye upungufu huo. Na usifiche dawa ulizowahi kuandikiwa hapa Marekani. Kumbukumbu za hospitali na maduka ya dawa siku hizi zinavutwa kwa kompyuta, na uongo ndio unaokuondoa hata pale ambapo ugonjwa wenyewe ungesamehewa.

Kombania_B

Niongezee kwa BiHesabu upande wa kazi. Mwenye grini kadi hawezi kuwa ofisa, na kazi yoyote inayotaka kibali cha siri imefungwa mpaka awe raia. Zinazobaki wazi kwa kawaida ni kama udereva wa malori (88M), ufundi wa magari (91B), upishi (92G). Dereva na mpishi wa jeshi wanafanya kazi kweli, msizidharau. Lakini kama lengo lako ni kompyuta au upelelezi, uraia kwanza, kazi baadaye. Usikubali kauli ya "ingia na hii, utabadilisha". Kubadilisha kunategemea nafasi kuwepo na kamanda kukuachia.

Depo, yaani mafunzo ya awali, ni wiki 10. Inafanyika Fort Jackson, Fort Leonard Wood, Fort Sill au Fort Benning. Halafu shule ya kazi: dereva takriban wiki saba, muuguzi wa vita (68W) takriban 16. Askari wa miguu anaunganisha yote pale Fort Benning, wiki 22. Ongeza siku za mapokezi na kusubiri katikati, ambazo hakuna anayezitaja. Mwanafunzi anaweza kuomba kugawa: depo kiangazi hiki, shule ya kazi kiangazi kijacho.

Kipimo cha mwili tangu Juni 2025 kina vituo vitano: kunyanyua chuma mara tatu, pushapu za kuachia mikono chini, mbio za kukokota na kubeba, kujikaza kwa viwiko, na mbio za maili mbili. Kila kimoja angalau alama 60, jumla 300. Kazi za mapigano ni 350.

Wakili_wa_Kijiweni

Uraia. Hapa kuna maneno mengi ya mtaani, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Njia ipo na ni ya kweli. Tangu Septemba 11, 2001 Marekani inahesabika kuwa katika kipindi cha mapigano kwa agizo la rais la Julai 2002, na askari anayetumikia kwa heshima katika kipindi hicho anaweza kuomba uraia bila kungoja ile miaka mitano. Gadi na Akiba wanaohudhuria mafunzo wamo. Unajaza N-400, fomu ya kuomba uraia, pamoja na N-426, fomu ya utumishi wako ambayo jeshi linaithibitisha, na hakuna ada. N-426 ndiyo inayochelewesha watu: lazima isainiwe na mwenye mamlaka ya kuthibitisha, si sajini yeyote aliyepita korido. Mpe karani wa kikosi nakala, andika tarehe uliyomkabidhi, na umfuate kila mafunzo. Kuna wanaomalizia depo kabisa wakiwa wameapishwa, lakini hiyo si ahadi ya mkataba, ni utaratibu wa ofisi.

Rikruta huwa hasemi hili: uraia ulioupata kwa njia ya jeshi unaweza kufutwa ukitolewa jeshini kwa hali isiyo ya heshima kabla hujafikisha jumla ya miaka mitano ya utumishi wa heshima. Na kutoka vibaya kwenye Gadi hakuhitaji uhalifu. Utoro unatosha kukuweka pabaya. Kila kipindi unachokosa bila ruhusa ni utoro mmoja, na ukifikisha tisa ndani ya mwaka unahesabika mtovu wa mahudhurio. Wikendi moja ni vipindi vinne. Mbili ni vinane. Ya tatu hufiki hata Jumamosi mchana.

Kwa hiyo ukiwa na msiba, mgonjwa, au tiketi ya Dar, omba mapema na kwa maandishi kufidia mafunzo siku nyingine. Kikosi kinaweza kukupangia. Simu ya Jumamosi asubuhi haitoshi.

Ukiapa hapa unapoteza uraia wa Tanzania, kwa sababu sheria ya nyumbani hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Wakenya tangu katiba ya 2010 hawana shida hiyo. Kama una shamba au kiwanja, hilo lipangie kabla.

Na wenye viza ya masomo wanaosoma uzi huu: mpango uliokuwa ukiwachukua watu wa lugha adimu, Kiswahili kikiwemo, uliitwa MAVNI. Uliacha kupokea watu 2016. Anayekuuzia fomu yake leo anakuibia.

Mpagazi_Columbus

Asanteni sana, hii ni darasa. Nimemgusia msimamizi wangu kazini, akasema nitumie siku zangu za likizo kwa hayo mafunzo, na kwamba Ijumaa usiku lazima niwe zamuni kwa kuwa mafunzo "yanaanza Jumamosi". Zamu inaisha saa 12 asubuhi. Anayo haki?

Wakili_wa_Kijiweni

Hana, kwa yote mawili.

Sheria inaitwa USERRA, ya 1994, inamgusa kila mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja. Hawezi kukulazimisha kutumia likizo. Ukitaka mwenyewe kuitumia ili ulipwe, ni hiari yako. Hana wajibu wa kukulipa siku za mafunzo, hilo ni kweli, lakini nafasi yako na upandaji wa daraja vinabaki kama vile hukuondoka.

Kuhusu Ijumaa usiku, kanuni za Idara ya Kazi zimeitaja hali yako karibu neno kwa neno: mtu aliyefanya zamu nzima ya usiku kisha akaenda moja kwa moja kwenye siku nzima ya jeshi hahesabiki kuwa yuko timamu kwa kazi hiyo, kwa hiyo kukosa zamu ile kunalindwa. Kurudi nako kuna hesabu yake. Kwa utumishi wa siku 1 hadi 30 unaripoti zamu ya kwanza inayofuata baada ya safari ya kurudi nyumbani na saa nane za kupumzika. Ukifika nyumbani Jumapili saa 12 jioni, saa nane zinaisha saa 8 usiku, kwa hiyo zamu inayoanza saa 4 usiku huo hailazimiki. Ukikaa siku 31 hadi 180 una siku 14 za kuomba kurudi kazini, zaidi ya 180 una siku 90.

Wajibu wako ni kumwarifu. Mdomo unatosha kisheria, lakini tuma ujumbe au barua pepe ukiambatanisha ratiba ya mwaka mzima. Wasimamizi wengi hawana ubaya, hawajui tu. Akishupaa, kuna shirika la ESGR chini ya Wizara ya Ulinzi linalosuluhisha bure kabla ya mambo kufika Idara ya Kazi.

BiHesabu

Hela. Kila kipindi kinalipa sehemu moja ya thelathini ya mshahara wa msingi wa mwezi. Kwa viwango vya Aprili 2025, mwenye cheo cha E-3 aliye mpya alikuwa akipata dola 2,733 kwa mwezi. Gawa kwa 30 upate 91.10, zidisha kwa 4: wikendi ilikuwa dola 364.40 kabla ya kodi. Sasa toa zamu ya Ijumaa na ya Jumapili usiku ulizokosa ghalani. Kuna wanaobaki na kidogo sana, na ni vizuri ulijue leo. Thamani kubwa iko kwingine.

Depo na shule ya kazi unalipwa mwezi mzima, na mwenye familia hupata posho ya nyumba. Itataka cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na mkataba wa pango wenye jina lako. Kilichoandikwa Kiswahili kitafsiriwe na kuthibitishwa mapema. Ukisahau mkataba wa pango nyumbani, mkeo anangoja posho wiki kadhaa wakati mwenye nyumba hangoji.

Bima: TRICARE Reserve Select kwa 2025 ilikuwa takriban dola 54 kwa mwezi kwa mtu mmoja na 274 kwa familia. Linganisha na makato ya ghalani, ndipo utaona kwa nini wengi wanabaki Gadi. Anayestahili bima ya wafanyakazi wa serikali kuu haruhusiwi kuinunua hadi 2030.

Chuo: Ohio ina ufadhili wake wa Gadi, unalipa ada yote katika vyuo vya umma vya jimbo. Ombi ni la kila muhula na lina tarehe ya mwisho kabla muhula haujaanza. Ukipitwa na siku moja unalipa mwenyewe.

Bonasi iwe kwenye kiambatisho cha mkataba, na namba ya kazi, kikosi, kiasi na tarehe za kulipwa. Ukihama kazi au kikosi kwa hiari unaweza kudaiwa. California maelfu ya askari wa Gadi walidaiwa warudishe bonasi walizolipwa enzi za Iraki, kisa makosa ya waliowaandikisha, mpaka Waziri wa Ulinzi aliposimamisha madai hayo Oktoba 2016. Walioweza kuonyesha karatasi walikuwa na pa kuanzia.

Pensheni inakuja kwa miaka 20 yenye angalau pointi 50 kila mmoja, na kwa kawaida hulipwa ukifika miaka 60. Mwaka wa kawaida Gadi: pointi 15 za uanachama, 48 za mafunzo, 15 za kambi, jumla 78. Mara 20 ni 1,560, gawa kwa 360 ni miaka 4.33, mara asilimia 2 ni kama asilimia 8.7 ya mshahara wa msingi. Si utajiri. Pale kwenye TSP, akiba ya uzeeni ya serikali, weka asilimia 5, maana baada ya miaka miwili serikali inakulinganishia hadi 4 juu ya 1 inayotoa bure.

Mpagazi_Columbus

Nimeelewa. La mwisho: wiki hii nianze na nini, kabla sijarudi kwa rikruta? Na nina kiwanja Kibaha, kina ubaya?

Kombania_B

Anza na Selective Service, orodha ya wanaume wanaoweza kuitwa jeshini, leo. Mwanamume mwenye grini kadi aliye kati ya 18 na 25 anatakiwa awe amejiandikisha, na ukishatimiza 26 mlango unafungwa, unabaki kuomba barua na kueleza kwa nini hukufanya hivyo. Wewe mwezi wa 12 uko karibu. Ingia kwenye tovuti yao uangalie jina lako, huenda uliandikishwa ulipochukua leseni ya udereva bila kujua. Chapisha uthibitisho. Kisha peleka vyeti kwenye tathmini, ndiyo inayochukua wiki nyingi zaidi.

Kiwanja hakina ubaya, ubaya ni kukiacha nje ya SF-86, fomu ya uchunguzi wa historia yako. Fomu inauliza mali zisizohamishika na akaunti za benki za nje: mahali, mwaka ulipoipata, ulivyoipata, thamani kwa dola. Inauliza pia ndugu na majina yao kamili na tarehe za kuzaliwa, kwa hiyo mpigie mama akupe tarehe za kaka zako wote sasa. Akikuuliza ni za nini, hapo utajijua mwenyewe.